Ada ya Chama cha Taaluma: Tulipe au Tusilipe?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kamati imenitaka nizungumze juu ya jambo ambalo wahitimu wetu wengi hulikuta katika mwaka wao wa kwanza wa kazi. Kijana amemaliza chuo, amepata kazi, mshahara wa kwanza haujakaa mfukoni, mara anaambiwa ajiunge na chama cha wataalamu wa kazi yake. Kuna ada ya kiingilio, kuna ada ya kila mwaka, na kuna mkutano mkuu unaofanyika mbali na kituo chake cha kazi. Kijana anauliza, na ana haki ya kuuliza: fedha hii itanirudishia nini?

Swali hili linanihusu mimi pia. Mwakani nastaafu. Kwa miaka mingi ada yangu ya chama ililipwa na mwajiri. Kuanzia mwakani itatoka katika pensheni, na mama watoto amekwisha kuniuliza ina kazi gani. Kwa hiyo hesabu nitakayoifanya hapa mbele yenu nimekwisha kuifanya nyumbani.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Mifano yangu mingi itatoka barabarani na kwenye zege. Mhasibu, mwanasheria, daktari na afisa ugavi walioko hapa watabadili majina tu. Jambo lenyewe ni lile lile.

Bodi si chama

Kwanza hapana budi tutenganishe mambo ambayo watu wengi huyachanganya. Viko vyombo vya aina tatu, na kila kimoja kina ada yake.

Cha kwanza ni bodi ya usajili. Bodi huundwa na sheria ya nchi. Hapa kwetu sheria ya usajili wa wahandisi ilitungwa mwaka 1968, na mwaka 1997 ikatungwa nyingine mahali pake. Wahasibu na wakaguzi wa hesabu walipata sheria yao mwaka 1972, nayo ndiyo iliyozaa NBAA. Wataalamu wa ununuzi na ugavi walipata yao mwaka 2007. Bodi haikuulizi kama unapenda. Ukitaka kufanya kazi ya uhandisi kwa jina la mhandisi, sharti uandikishwe. Ada ya bodi basi si jambo la kupima faida na hasara. Ni kama leseni ya udereva: ama unayo, ama hushiki usukani.

Cha pili ni chama cha kitaaluma chenyewe. Hiki ni cha hiari. Wahandisi wanayo Taasisi ya Wahandisi Tanzania, na madaktari wana chama chao, MAT. Wanasheria wako katikati, maana Chama cha Wanasheria Tanganyika kiliundwa kwa sheria mwaka 1954, na kila wakili ni mwanachama apende asipende. Lakini kwa wengi wetu chama ni mlango ulio wazi. Ukiingia sawa, usipoingia hakuna askari atakayekukamata.

Cha tatu ni chama cha wafanyakazi. Hicho kinashughulika na mshahara, likizo na haki zako mbele ya mwajiri. Nimewasikia vijana wakilalamika kwamba chama cha wahandisi hakijawapandishia mshahara. Hiyo si kazi yake. Ukinunua jembe usilaumu kwamba halikati kuni.

Swali letu la leo linahusu hicho cha pili, kwa sababu ndicho pekee ambacho uamuzi umeachwa mikononi mwako.

Vyama hivi vilitoka wapi

Inafaa kujua vilianzaje, maana asili ya kitu husaidia kujua matumizi yake. Tarehe 2 Januari 1818, vijana wachache mafundi wa ujenzi walikutana katika mkahawa mmoja mjini London. Wakati ule hapakuwa na kitivo cha uhandisi katika vyuo vikuu vya Uingereza. Kijana alijifunza kwa kumfuata bwana mmoja, na alijua tu yale aliyoyajua bwana yule. Vijana hao walitaka mahali pa kuulizana: mwenzangu wewe ulifanyaje daraja lile, mfereji ule uliuzuiaje usibomoke? Chama chao ndicho kilichokuja kuwa Institution of Civil Engineers.

Lakini miaka miwili ya mwanzo chama kilidorora. Vijana walikuwa na maswali mengi na majibu machache. Ndipo mwaka 1820 walipomwendea Thomas Telford wakamwomba awe rais wao. Telford alikuwa mtoto wa mchunga kondoo wa Uskoti, aliyeanza kazi kama fundi mwashi, na wakati ule alikuwa mjenzi mashuhuri wa barabara, mifereji na madaraja. Alikubali. Alikaa nao, akawataka waandike waliyoyaona kazini na kuyasoma mbele ya wenzao. Mwaka 1828 chama kikapata hati ya mfalme.

Ninayataja haya kwa sababu moja. Chama kile hakikuanzishwa ili kutoa vyeti, wala kuweka herufi nyuma ya majina ya watu. Kilianzishwa ili mtu asibaki peke yake na ujuzi wa bwana mmoja. Mpaka leo, ukitaka kujua kama chama kina thamani, tazama kama kazi hiyo bado inafanyika.

Gharama yake

Sasa tuje kwenye fedha. Watu wengi hutazama ada ya mwaka peke yake, na hapo hesabu yao inakosea tangu mwanzo.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ada ni shilingi 100,000 kwa mwaka. Mtu aliyeko Dar es Salaam hulipa hiyo, kisha jioni hupanda daladala akahudhuria mhadhara akarudi kwake kulala. Mtu aliyeko Sumbawanga hulipa ada ile ile, lakini akitaka kusikia mhadhara ule ule analipa nauli ya basi kwenda na kurudi, analipa nyumba ya wageni, anakula hotelini, na anaomba ruhusa kazini. Ada yake ya kweli ni mara kadhaa ya ile iliyoandikwa kwenye risiti. Siku hizi mihadhara mingine hupatikana kwa simu na kompyuta, na hilo limempunguzia mzigo mtu wa mikoani, ingawa kusikia kwa simu si sawa na kukaa na mtu mezani.

Iko pia gharama ya wakati. Chama kitakutaka kwenye kamati, kitakutaka uandike makala, kitakutaka ukague kazi za vijana. Hayo ni Jumamosi zako.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha yako, uliza mwajiri kama analipa. Waajiri wengi wana fungu la mafunzo ambalo halitumiki kwa sababu hakuna aliyeomba. Uliza pia kama chama kina daraja la wanafunzi au la wahitimu wapya. Vyama vingi vinalo, na ada yake ni ndogo kuliko ya mwanachama kamili.

Faida zinazoonekana na zisizoonekana

Faida inayotajwa kwanza na kila mtu ni jina. Sina ugomvi nalo. Kwenye zabuni kubwa, anayetangaza kazi hutaka wasifu wa kila mtaalamu atakayesimamia, na aghalabu hutazama usajili na uanachama wake. Lakini angalieni vizuri: kinachotakiwa kwa lazima ni usajili wa bodi. Uanachama wa chama huongeza uzito kidogo. Mtu akikuambia kwamba kadi ya chama peke yake itakupa kazi, huyo anauza kadi.

Hata kuvuka mpaka ni kazi ya bodi zaidi kuliko chama. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza tarehe 1 Julai 2010. Wahasibu wakatia sahihi makubaliano ya kutambuana mwaka 2011, na vyombo vya usajili wa wahandisi vya Kenya, Uganda na Tanzania vikafanya hivyo mwaka 2012. Maana yake ni kwamba mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa Tanzania ana njia ya kutambuliwa Nairobi au Kampala bila kuanza upya. Njia hiyo huanzia bodini.

Je, chama kinabakiwa na nini? Kinabakiwa na mambo mawili, nami nitayaeleza kwa yaliyonipata.

La kwanza ni elimu isiyoandikwa. Nilipokuwa kijana nilipewa kipande cha barabara kinachopita kwenye udongo mweusi wa mbuga. Wakulima hapa wanaujua: masika unavimba na kunata kama ugali, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukiweka lami juu yake bila maarifa, barabara inakuwa mawimbi kabla ya miaka miwili. Vitabu vyangu vya chuo vilisema uchimbwe na kuondolewa, uletwe udongo mwingine. Ni kweli, lakini kifusi kizuri kilikuwa mbali sana na fedha ya kukisomba haikuwapo. Katika mkutano wa chama nilikaa karibu na mzee mmoja aliyejenga barabara za aina hiyo tangu ujana wake. Akaniambia kwamba adui si udongo, adui ni maji yanayoingia na kutoka. Nisichimbe kote. Nichimbe kwa kina cha kadiri, tabaka la juu nilichanganye na chokaa, niinue tuta, nipanue mabega ya barabara na kuyafunika ili maji yasifike chini ya magurudumu, na mitaro niisogeze mbali. Aliyasema hayo huku tukila pilau. Ningeweza kuyakuta kitabuni siku moja, lakini kitabu hakikujua machimbo yetu yalikuwa wapi, wala hakikuniuliza swali la pili. Pale tulipookoa kusomba kifusi, ada yangu ya maisha yote ililipwa katika wiki moja.

La pili ni zito zaidi, na ningependa vijana mnisikilize.

Mnapomwaga zege la nguzo, mnachukua kiasi kidogo cha zege lile lile na kulijaza katika vibao vya chuma vya mraba. Vibonge hivyo hutunzwa majini, kisha vingine huvunjwa kwa mashine siku ya 7 na vingine siku ya 28, ili kupima nguvu. Katika jengo moja nililosimamia, vibonge vya siku ya 28 vilivunjika kabla ya kufikia kiwango. Ghorofa iliyofuata ilikuwa tayari kumwagwa. Mwenye jengo alikuwa na deni benki, mkandarasi alikuwa na vibarua wanaosubiri malipo, na mkubwa wangu wa kazi aliniita ofisini akanitaka nitie sahihi kwamba kazi iendelee. Hakunitisha. Alisema kwa upole kwamba vibonge hudanganya, kwamba pengine fundi hakuvishindilia vizuri, na kwamba mimi ni kijana mwenye mke na mtoto mchanga.

Nilikuwa na vitu viwili. Kimoja ni kanuni za bodi, zinazosema kwamba sahihi ya mhandisi ni dhamana yake mwenyewe na kwamba anaweza kufutwa katika daftari kwa kuitumia vibaya. Hicho kilinipa sababu ya kusema hapana. Lakini sababu peke yake haitoshi unapokuwa peke yako ofisini mbele ya mtu anayekulipa. Kitu cha pili kilikuwa wenzangu wa chama. Usiku ule nilimpigia simu mmoja wao, nikamweleza bila kutaja jengo. Akaniambia: usitie sahihi, wala usigombane, taka zege lenyewe lichimbwe sampuli kutoka kwenye nguzo, nayo ikapimwe mahali pengine, kama vibonge vimedanganya, nguzo zitasema kweli. Kisha akaongeza kwamba kama nitafukuzwa, niende kwake asubuhi.

Sampuli zilichukuliwa. Nguzo tatu zilionekana dhaifu, zikavunjwa na kumwagwa upya. Kazi ilichelewa, watu walinuna, na mimi sikufukuzwa. Jengo lile lina wapangaji mpaka leo.

Sote tunakumbuka tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilipoporomoka na kuua watu 36. Sisemi kwamba uanachama wa chama ungeliinua jengo lile. Nasema tu kwamba katika kazi zetu, iwe zege, iwe vitabu vya hesabu, iwe dawa ya mgonjwa, itafika siku utakapotakiwa kutia sahihi mahali ambapo sahihi haifai. Siku hiyo utahitaji watu wa kazi yako ambao hawalipwi na mwajiri wako. Ukianza kuwatafuta siku hiyo, umechelewa.

Wakati wa kutolipa

Hata hivyo sikuja hapa kuwauzia kila kadi. Viko vyama ambavyo havifai fedha yenu.

Kama chama hukutana mwaka wa uchaguzi tu, na baada ya kura viongozi hawaonekani mpaka uchaguzi mwingine, subiri. Kama chama kinatoa cheti kwa yeyote aliyelipa, bila kumwuliza amesoma nini wala amefanya kazi gani, cheti hicho hakitamdanganya mtu yeyote isipokuwa wewe. Kama makao yake yako ng'ambo na ada inalipwa kwa pauni au dola, jiulize kwanza kazi yako iko wapi. Iko mitihani ya nje yenye heshima kubwa, kama ile ya wahasibu wa ACCA, chama kilichoanza London mwaka 1904. Lakini mwenye kutaka kutia sahihi ukaguzi wa hesabu hapa Tanzania ni lazima aandikishwe na NBAA. Asije akalipa kule akasahau huku.

Na kama umeacha kazi hiyo, mathalani ulisoma uhandisi sasa unafuga kuku, na huna nia ya kurudi, usilipe kwa kuogopa aibu. Fedha hiyo inunulie vifaranga.

Mwisho, kama unajijua kwamba hutahudhuria, hutauliza wala hutajibu, basi usijiunge. Chama ni kama shamba la ushirika: asiyelima huona gharama ya mbegu tu.

Jinsi ya kuamua

Nawapa vijana utaratibu ninaoutumia mimi. Usijiunge kwa maisha. Jiunge kwa miaka mitatu. Kabla ya hapo, nenda mkutano mmoja kama mgeni. Wasikilize wanazungumza nini wakati wa chai. Kama wanazungumza juu ya kazi, rudi. Kama wanazungumza juu ya posho tu, umejua.

Ukishajiunga, weka daftari dogo. Kila mwaka andika mambo matatu: nimejifunza nini ambacho nisingekipata kazini; nimemfahamu nani ninayeweza kumpigia simu usiku; nami nimemsaidia nani. Baada ya miaka mitatu fungua daftari. Kama kurasa ni tupu, achana nacho bila kinyongo. Lakini kabla ya kukilaumu chama, tazama mstari wa tatu. Mara nyingi ulio mtupu zaidi ni huo.

Mhandisi kijana ana nafasi nyingine nzuri. Tangu mwaka 2003 uko mpango wa bodi wa mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu kwa wahitimu, ambamo kijana hufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu. Miaka hiyo mitatu ndiyo ya kupima chama pia.

Kuhusu mimi mwenyewe, nimeamua hivi. Usajili wangu wa kufanya kazi nitautazama mwaka hadi mwaka, kulingana na kazi nitakayokuwa nayo baada ya kustaafu. Ada ya chama nitaendelea kuilipa kutoka katika pensheni. Mama watoto amekubali kwa sharti moja, kwamba nisiende mikutano ya mbali zaidi ya mmoja kwa mwaka. Nilimweleza kwamba sasa sitafuti tena mtu wa kumpigia simu usiku. Yuko kijana mahali fulani ambaye atahitaji kunipigia mimi.

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijaketi naomba kutoa pendekezo. Humu ukumbini wamo wahandisi, wahasibu, mawakili, madaktari na wauguzi waliotoka katika madarasa haya haya. Kila mmoja wetu aliye katika chama cha taaluma achukue vijana wawili wa shule hii waliomaliza chuo, awalipie nauli, awapeleke kwenye mkutano mmoja wa chama chake mwaka huu, wakajionee. Asiwashawishi, awaketishe tu karibu na wazee. Karatasi ya majina iko mezani kwa Katibu. Jina langu nimekwisha kuliandika.